Sauti, video na data: nani apishwe njiani?

Laini moja ikibeba simu, video na mafaili, kugombania kipimo data, yaani uwezo wa laini kubeba taarifa, hakuepukiki. Wapo wanaotaka kila aina itengewe fungu lake, lisiguswe na mwingine. Wengine wanataka laini iwe ya wote, kila pakiti, yaani kipande kidogo cha taarifa kinachosafirishwa, ipite kwa zamu. Mimi ni wa laini ya wote, isipokuwa linapokuja suala la sauti.

Sauti haina makuu. Simu ya G.711, kiwango cha kawaida cha kugeuza sauti kuwa data, hutoa pakiti 50 kwa sekunde, na hata ukijumlisha vichwa vya IP, UDP na RTP (maelezo ya usafirishaji yanayotangulia kila pakiti), haizidi kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. Tatizo lake ni moja: haiwezi kungoja. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usipite milisekunde 150. Chukua laini ya megabiti 1 kwa sekunde. Pakiti ya data ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 12 kutoka. Zikitangulia 10 kwenye foleni, milisekunde 120 zimeliwa kwenye ruta ya kwanza tu. Hapo ndipo watu wawili wanaanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, kisha "haloo, haloo". Na foleni hiyo haiji kwa bahati mbaya, kwani TCP, kanuni inayosafirisha mafaili, huongeza kasi mpaka pakiti zianze kudondoka. Faili moja kubwa linatosha kuijaza laini.

Kwa hiyo wanaotaka kutenga hawajakosea. Lakini laini ya megabiti 2 ikitengewa simu 10, kilobiti 800 zimefungiwa. Usiku hakuna anayepiga simu, fungu limelala, na nakala rudufu zinajikokota kwenye kilichobaki. Huo ni upotevu, na mimi siukubali.

Mfumo wa DiffServ wa kupanga pakiti kwa madaraja, uliowekwa mwaka 1998, unatoa njia bora: pakiti za sauti hutiwa alama na kupishwa, na zisipokuwepo, nafasi yote ni ya wengine. Ila lazima kipaumbele hicho kiwekewe kikomo, la sivyo kila programu itajitia alama ya sauti na data ife njaa.

Video ndiyo inayosumbua. Iliyorekodiwa huhifadhi akiba mbele, basi ichukuliwe kama data. Ya mkutano wa moja kwa moja ina haraka kama sauti, lakini picha yake moja huweza kuja na makumi ya pakiti kwa mpigo. Ukiiweka foleni moja na sauti, umeirudisha sauti kule kule nyuma ya msururu. Ipewe foleni yake, yenye kiwango cha chini kilichohakikishwa.

Bado kuna jambo ambalo kipaumbele peke yake hakiwezi: hakihesabu simu. Ikiingia ya 11 kwenye nafasi ya 10, zote zinakwaruza. Wahandisi wa simu walilijua hili tangu Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alipotoa fomula yake ya msongamano wa simu mwaka 1917, kwamba simu iliyozidi hukataliwa. Mlio wa laini kutumika unaudhi, lakini wale 10 walio hewani wanaendelea kusikilizana.