Kufa kufaana: msiba wa Avicii na machozi ya mashabiki

Ijumaa ya Aprili 20, 2018, habari zilitoka Maskati, Oman, kwamba Tim Bergling, kijana wa Stockholm ambaye dunia ilimjua kwa jina la Avicii, amefariki akiwa na miaka 28. Jioni ile nilimpigia simu mama mdogo anayeishi huko Maskati, mmoja wa wale ambao wazee wao walihama Unguja baada ya 1964 na mpaka leo wakigombana hugombana kwa Kiswahili. Sikuwa na sababu ya kumpigia, ila yeye ndiye mtu pekee niliyemjua katika mji ule. Alinisikiliza nikimweleza habari za DJ, muziki wa kompyuta, matamasha. Kisha akauliza, "Mamake yuko hai?" Nikasema yuko. "Basi mlilie huyo."

Jibu hilo sijapata kulitua. Kwa upande mmoja lilikuwa karipio. Huku kwetu msiba una wenyewe. Kuna nyumba ya kwenda, kuna turubai, kuna mtu wa kumpa mkono na kumwambia pole, kuna daftari la kuandika ulichotoa. Anayelia bila kuwa na nasaba wala ujirani na marehemu hutazamwa mara mbili. Na Avicii hakuwa ndugu wala jirani, wala hakuwahi kujua kama sisi tupo. Wengine walikuwa na neno zito zaidi. Siku sita baadaye familia yake ilitoa barua, na kila aliyeisoma alielewa kwamba kijana alijitoa uhai. Nilisikia watu wakinyamaza ghafla, kana kwamba pole zao zimekwisha muda. Hao sikubaliani nao kabisa. Anayeliona tendo lile kuwa dhambi hajakatazwa kumwonea huruma aliyezidiwa.

Hoja ya kutomjua ndiyo inayonisumbua, kwa sababu kwa mwanamuziki wa aina yake ina ukweli kuliko wanavyodhani wanaoitoa. Bi Kidude alipofariki Zanzibar Aprili 2013, aliyemlilia alikuwa na sauti ya kulilia. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa kifua chake mwenyewe. Avicii je? Levels, wimbo uliomfikisha kila mahali mwaka 2011, umebebwa na kipande cha sauti ya Etta James, mwimbaji wa Marekani, kutoka wimbo wa mwaka 1962. Wake Me Up wa mwaka 2013 umeimbwa na Aloe Blacc, Mmarekani, na gitaa likapigwa na Mike Einziger wa bendi ya Incubus. Jina lililotangazwa ni moja tu, la Avicii.

Nilikaa karibu mwaka mzima nikiamini ile ndiyo sauti yake. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ambako simu zilikuwa haramu. Yetu ilikaa ndani ya godoro, imepasuka kioo, na memori kadi yake tuliijazisha nyimbo kwenye kibanda mjini wakati wa likizo. Usiku watu sita tuligawana spika isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Tuliyakariri maneno, tukayaimba tukifua, tukayaimba tukipanga foleni ya uji, na kumbe tuliyekuwa tukimsifu hakutamka hata neno moja kati ya hayo.

Basi tulimlilia nani? Mwenye kubeza atasema tulivililia vitufe. Ni kauli ya siku nyingi, na maprodyuza wa singeli pale Dar es Salaam wameizoea: huyo si mwanamuziki, biti inajitengeneza, yeye kazi yake kubonyeza. Siipuuzi moja kwa moja. Kuna kweli watu wanaopanda jukwaani kubonyeza kitufe kimoja na kuinua mikono, na wanalipwa vizuri. Ila jaribu jambo hili: uondoe maneno yote ya Wake Me Up, ubaki na ule mruko wa ala baada ya kiitikio. Utauimba kwa mluzi mpaka mwisho. Hapo ndipo alipokaa Tim. Alikuwa mtunga tuni, na alianzia chumbani kwake akiwa na FL Studio, programu ileile wanayotumia vijana wengi wa mitaani Nairobi na Dar. Machi 2013 alipanda jukwaani Miami mbele ya umati uliokuja kusikia midundo ya klabu, akawaletea wapiga gitaa na banjo. Wengi waliduwaa, na mitandaoni wakamdhihaki. Miezi minne baadaye wimbo wa usiku ule ulikuwa namba moja Uingereza. Mtu anayebonyeza tu hapati ujasiri wa kudhihakiwa namna hiyo.

Kwa hiyo nasema tulimjua, kwa kiasi chetu. Tulijua sikio lake. Na nakiri sehemu kubwa ya kilio ilikuwa juu yetu wenyewe: bweni lile, wale wenzangu watano ambao leo mmoja simjui hata aliko. Kuna wanaouona huo kuwa unafiki. Mimi nimekaa misiba ya kutosha kujua kwamba wanawake wanaolia kwa sauti chumbani si wote wanamlilia aliyelala pale. Mmoja anamlilia mtoto aliyemzika miaka kumi iliyopita, na hakuna anayemtoa nje.

Kilichowashangaza watu zaidi ni kucheza. Siku iliyofuata kifo, maelfu walikusanyika Sergels Torg, uwanja wa katikati ya Stockholm, wakanyamaza kwa muda, kisha muziki ukafunguliwa wakacheza huku machozi yakiwatoka. Kule Utrecht, Uholanzi, kengele za mnara wa Dom zilipiga nyimbo zake. Niliwasikia watu wa hapa pwani wakisema Wazungu wameingiwa na nini, msibani wanaruka? Nami nikacheka, maana Kenya hii tuna disko matanga mpaka makamishna wa kaunti wanachoka kuzipiga marufuku. Wanaozikataza wana haki yao, kwa yanayowapata wasichana wa shule gizani. Lakini wazo lenyewe, la kuukabili usiku wa kifo kwa spika kubwa na kucheza mpaka kuche, hatukuliazima Sweden. Shabiki asiye na turubai wala mkeka wa kukalia ataomboleza kwa kile alichopewa na marehemu, na alichopewa ni muziki wa kuchezwa.

Hapa ndipo mashabiki wengi huishia, na ndipo ningependa tuendelee kidogo. Kauli iliyotawala baada ya kifo ilikuwa kwamba biashara ya muziki ndiyo iliyomuua. Ushahidi upo. Kwa miaka isiyofika kumi alipiga shoo zaidi ya 800. Mwaka 2012 alilazwa New York kwa ugonjwa wa kongosho, pombe ikiwa na mkono wake. Mwaka 2014 alitolewa kibofu cha nyongo na kidole tumbo. Filamu ya maisha yake iliyotoka 2017 inamwonyesha akisema kwamba amekwisha waeleza watu mara nyingi kuwa ziara zitamuua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa, akatakiwa apande minazi mingine kumi kabla ya jua kuzama.

Na aliyekuwa akisifu ni nani? Tiketi zile hazikununuliwa na mameneja. Sisi wa memori kadi hatukununua hata moja, kweli, lakini tulikuwa sehemu ya ule uchu wa kutaka kipya kila mwezi, na alipotangaza Machi 2016 kwamba anaacha ziara, wapo walionung'unika badala ya kumpongeza. Ukiinyooshea kidole biashara, kumbuka biashara ilikuwa ikimpeleka kwenye matakwa ya umati.

Hata hivyo nina shaka na hukumu hiyo ikiwa nzima. Shoo yake ya mwisho ilikuwa Ibiza, Agosti 2016. Kutoka hapo hadi Maskati ni karibu miezi ishirini, na Oman alikwenda kupumzika. Alikuwa ameacha kile kilichosemwa kinamuua, na bado akafa. Barua ya familia ilizungumzia mtu aliyehangaika na maswali ya maana ya maisha na furaha, ambaye alifika mahali akashindwa kuendelea. Kuyapunguza hayo yote yawe ratiba ya ndege ni kumnyima mtu undani wake, na ni kuwafundisha vijana kwamba jambo hili huwa na sababu moja tu ya nje. Ratiba ilimchosha mwili, hilo halina ubishi. Yaliyobaki aliyajua yeye.

Kisha kukaja mambo ya urithi. Kufa kufaana, na katika muziki kunafaana haraka. Wimbo wa SOS, akiimba tena Aloe Blacc, ulitoka Aprili 10, 2019, siku kumi kabla ya kutimia mwaka. Albamu yenyewe, iliyoitwa Tim, ikafuata Juni. Wapinzani walisema kazi ambayo mwenyewe hakuiachia imeuzwa ikiwa mbichi, tena ni kazi ya mtu aliyejulikana kwa kurudia sauti moja mara mia mpaka iridhishe. Watetezi walijibu kwamba waliomalizia ni walewale aliokuwa akiketi nao studio, na mapato yanakwenda kwa mfuko ambao wazazi wake, Klas Bergling na Anki Lidén, wameuanzisha kwa ajili ya afya ya akili na kuzuia vijana kujitoa uhai.

Katika hili nasimama na wazazi. Huyu hakuwa mwimbaji ambaye watu wanaigiza sauti yake kaburini. Kazi yake siku zote ilikuwa ya watu wengi kuzunguka tuni moja, na tuni alikwisha ziacha.

Mpaka wangu uko mbele kidogo. Mwaka 2021 ukumbi mkubwa wa duara mjini Stockholm ukapewa jina lake. Mwaka uliofuata yakafunguliwa maonyesho ya maisha yake, na kampuni ya Pophouse ikanunua asilimia 75 ya haki za nyimbo zake, familia ikabaki na 25. Pophouse ni watu waliohusika pia na onyesho la London ambamo waimbaji wa ABBA, kundi la Sweden, huonekana jukwaani kwa sura za kompyuta. Wale wa ABBA walikuwa hai, wakaulizwa, wakakubali, wakapigwa picha wenyewe. Siku atakaposimamishwa Avicii wa taa mbele ya umati, akiinua mikono usiku baada ya usiku, atakuwa amerudishwa kwenye kazi ileile aliyoiacha kwa kauli yake. Sijasikia kwamba kuna mpango huo. Nasema tu kwamba nitakayemlaumu siku hiyo ni mnunuzi wa tiketi kabla ya muuzaji.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye matatu ya Mtwapa, Wake Me Up ikapigwa. Makanga alikuwa kijana mdogo. Mwaka ule wa bweni letu huenda alikuwa hajaanza shule. Maneno hakuyajua, akawa ananguruma tu na Kiingereza cha kubahatisha. Ilipofika ile sehemu isiyo na maneno akatoa kichwa nje ya mlango, akaipiga mluzi yote, bila kukosea, mpaka stejini.