Fundi, pima kwanza ndipo useme betri imekufa

Ukipeleka laptopu kwa fundi hapa Tanga ukasema "haichaji", mara nyingi jibu ni lilelile: betri imekufa, tafuta nyingine. Unapewa jibu hilo kabla mashine haijafunguliwa, na wakati mwingine hata chaja haijachomekwa. Mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Betri zinakufa, tena kwa joto letu hili zinakufa mapema. Lakini betri iko mwisho wa njia ndefu, na mwenye laptopu analipishwa kitu cha mwisho wakati vya mwanzo havijaguswa.

Ifuate njia yenyewe. Umeme wa ukutani ni volti 230. Chaja inaushusha, kwa laptopu nyingi, hadi volti 19 na ushee. Unapita kwenye waya, unaingia kwenye tundu la pembeni, unafika kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Hapo kuna sakiti ya kuchaji ambayo kwanza inakagua kama chaja inafaa, kama betri ina joto la kawaida, na kama mipangilio inaruhusu. Halafu ndani ya betri yenyewe kuna bodi ndogo ya sakiti inayolinda seli, yaani vibetri vidogo vinavyoiunda, na yenyewe ina uwezo wa kukataa. Popote pakikwama, unachokiona kwenye skrini ni kilekile: chaja imechomekwa, betri haipandi.

Binti wa jirani yetu wa Makorora, anayesoma chuo, alishauziwa betri mpya kwa kuambiwa ya zamani imekufa. Mpya nayo ikagoma. Alimuuliza fundi, "Kaka, uliipima ile ya kwanza?" Akajibiwa, "Dada yangu, hizi nazijua kwa macho." Tatizo lilikuwa chaja. Alikuwa amenunua ya bei nafuu baada ya ile iliyokuja na mashine kukatika waya.

Hili la chaja lieleweke vizuri, maana ndilo linalowaponza wengi. Laptopu nyingi za Dell na HP zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Ile haipo kwa ajili ya kupitisha umeme mwingi, kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda au ikikatika, au chaja ikiwa feki, laptopu itawaka na utafanya kazi kama kawaida, lakini betri haitachajiwa. Dell huweza hata kukuandikia wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haijulikani. Watu wanabonyeza kitufe ujumbe upite, kumbe ndio uliokuwa na jibu.

Soma pia maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Volti zilingane na zinazotakiwa na mashine. Ampia ziwe sawa au zaidi. Chaja ya volti 19.5 na ampia 3.34 inatoa wati 65. Yenye ampia 4.62 inatoa wati 90. Ukiipa mashine ya wati 90 chaja ya wati 65, itachaji polepole sana, au itachaji ikiwa imezimwa tu, au itakataa kabisa. Na fundi asiridhike kwa kuweka mita kwenye kichwa cha chaja na kuona volti 19.5. Chaja mbovu huweza kuonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo, kisha zikaporomoka mara tu laptopu inapoanza kuvuta.

Kwa laptopu mpya zinazochajiwa kwa tundu dogo la USB-C, tazama waya pia. Waya wa kawaida wa aina hiyo unabeba ampia 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo unahitaji waya wa ampia 5 wenye chipu ndani. Na waya wa simu uliookotwa mezani huenda haufai kabisa, hata kama unaingia vizuri.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna adui mwingine. Upepo wa Raskazone na Sahare ni mtamu, tunaufungulia madirisha mchana kutwa, lakini unakuja na unyevu na chumvi. Mji huu wa baiskeli unajua chumvi inavyokula minyororo. Tundu la chaja nalo ni chuma. Mulika kwa tochi ya simu utazame kama kuna ukungu wa kijani au mweupe, vumbi lililoshikana, au pini iliyolegea. Ukitikisa kichwa cha chaja na taa ikawa inawaka na kuzima, hapo betri haina kesi yoyote. Zima mashine, chomoa chaja, safisha kwa spiriti na brashi laini, uache ikauke kabisa. Kama tundu limelegea, kulibadilisha mara nyingi ni kazi ndogo. Baadhi ya mashine tundu lina waya wake na kuchomoa ni mara moja, nyingine linachomelewa kwenye mazabodi na hapo unahitaji mkono wenye uzoefu.

Halafu kuna hili la laptopu inayofika asilimia 60 au 80 na kusimama. Watu wanalipeleka kwa fundi kama ugonjwa, nalo si ugonjwa. Lenovo, ASUS, Dell na HP wote wanaweka mpangilio wa kuzuia betri isijae, kwa sababu betri ya lithiamu inayokaa imejaa muda wote, hasa kwenye joto, inazeeka haraka. Laptopu za mtumba zinazotoka maofisini huko nje mara nyingi zilikuwa zimekaa kwenye chaja siku nzima, na mpangilio huo unaweza kuwa umeachwa umewashwa. Unauzima kwenye programu ya kampuni husika au ndani ya bayosi, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ila kama mashine yako haitoki mezani, mimi ningekushauri uuache tu.

Joto lenyewe nalo husimamisha chaji. Seli za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikishapita nyuzi 45 hivi, na sakiti ikiona hivyo hukata au hupunguza. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, chumba cha bati lisilo na dari, laptopu iko juu ya godoro na matundu ya hewa yamezibwa na shuka: hapo usishangae chaji ikigoma saa nane mchana na kukubali saa tatu usiku. Iweke juu ya meza, safisha feni, ujaribu tena ikishapoa.

Kuna na jambo jepesi ambalo fundi yeyote angeanza nalo. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha kila kitu. Wakati mwingine sakiti ya kuchaji inakuwa imeganda, na hilo tu linaizindua.

Ni baada ya yote hayo ndipo tunafika kwenye betri, na hapo pia hakuna haja ya kubahatisha. Kwenye Windows, tafuta cmd, yaani dirisha la kuandikia amri, ifungue, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utapata faili ambalo unalifungua kama ukurasa wa intaneti. Mstari wa Design Capacity ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. Full Charge Capacity ni uwezo iliobaki nao leo. Kama ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 41,000, betri yako bado ina asilimia 85 na anayekwambia imekufa hajaipima. Kama ya pili ni 12,000, hapo sawa, imechoka, nunua. Cycle Count, inapoonekana, ni idadi ya mizunguko ya kuchaji. Betri nyingi za laptopu zinatarajiwa kupita 300 hadi 500 kabla ya kushuka kufikia asilimia 80 hivi.

Betri inayoonyesha asilimia 40 halafu ghafla mashine inazima, hiyo kwa kawaida ina seli dhaifu au hesabu yake ya asilimia imepotea. Na iliyovimba, ikainua kibodi au kufanya kifuniko kisifunge, haina majadiliano. Acha kuichaji, usiitoboe, usiibane irudi, itolewe. Sikubaliani kabisa na wanaofungua betri ya laptopu na kupachika seli za kuokoteza ili "kuifufua". Seli zisizolingana hazichaji sawasawa, na inayozidishwa inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba ya watu.

Ukishaamua kununua, kumbuka betri inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Iliyokaa miaka kwenye kabati la duka lenye joto si mpya, hata kama plastiki haijachanwa. Omba iwekwe kwenye mashine mbele yako, ripoti itolewe palepale, halafu itumie bila chaja kwa muda kabla hujaondoka, kwa sababu betri feki inaweza kutaja uwezo isiokuwa nao.

Siamini kwamba mafundi wetu hawajui haya. Wengi wanayajua kuliko mimi. Tatizo liko kwenye malipo. Fundi akikaa saa nzima anapima chaja, tundu na betri, kisha akakwambia "safisha tu tundu, iko sawa", wengi wetu tunaondoka na asante. Akikuuzia betri, anapata faida. Tumemzoesha kwamba hela iko kwenye kifaa, utaalamu haulipwi. Mteja wa Ngamiani anayelalamika ameuziwa betri asiyoihitaji huenda ndiye yuleyule aliyesema "kuangalia tu nako unadai hela?"

Ningependa kila meza ya fundi pale Ngamiani iwe na bei ya kupima, imeandikwa na kubandikwa ukutani, na mteja alipe iwe kitu kimenunuliwa au la. Ikitokea betri ndiyo mbovu kweli, bei hiyo ipunguzwe kwenye gharama ya matengenezo. Na mteja apewe matokeo kwenye karatasi: volti za chaja ikiwa na mzigo, hali ya tundu, uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Mistari minne inatosha.