Gavana asiye na mahakama

Jeshi la Uingereza lilipoingia New York tarehe 15 Septemba 1776, wapo wakazi waliolipokea kwa shangwe. Kwa miezi mingi walikuwa wamejificha, wakitukanwa na kupigwa kwa sababu walibaki upande wa Mfalme George wa Tatu wakati majirani zao wakiasi katika vita vya uhuru wa Marekani. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hawa walikuwa na kila sababu ya kutarajia kupona.

Hawakupona. Nami naamini Uingereza iliipoteza New York mikononi mwa marafiki zake wenyewe, kabla ya waasi kuichukua. Mji ule ulikaa chini yake miaka saba, na katika miaka yote hiyo mahakama za kiraia hazikufunguliwa. Ulitawaliwa kwa amri ya jeshi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mtu ninayemtazama hapa ni James Robertson. Alikuwa Mskoti, askari mzoefu, na tangu 1765 ndiye aliyesimamia malazi ya majeshi ya mfalme huko Amerika. Mji aliujua. Mwaka 1780 akaapishwa kuwa gavana wa jimbo zima la New York, ingawa sehemu aliyoweza kutembea bila hofu ilikuwa kisiwa cha Manhattan, Staten Island na Long Island. Mwezi Aprili akatoa tangazo: waasi watakaorudi watasamehewa, na utawala wa kiraia utarejeshwa. Fikiria lilivyopokewa na mfanyabiashara aliyedhulumiwa na afisa wa jeshi na hana pa kushtaki. Hatimaye gavana, hatimaye sheria!

Lakini juu ya Robertson alikuwepo Jenerali Henry Clinton, mkuu wa majeshi, naye hakutaka mahakama za raia zimfunge mikono. Zikabaki zimefungwa. Meya alikuwepo, David Mathews. Ofisi ya polisi ilikuwepo chini ya Andrew Elliot. Wafanyabiashara waliruhusiwa kufufua chama chao mwaka 1779, nacho kikawa kinasuluhisha kesi za biashara. Vyote hivyo vilikuwa viraka. Askari akikuibia ng'ombe, ulikwenda kulalamika kwa mkubwa wa askari huyo huyo.

Sisemi kazi ya Robertson ilikuwa rahisi. Wiki moja tu baada ya jeshi kuingia, moto uliteketeza takriban robo ya mji. Wakimbizi walizidi kumiminika kutoka majimbo mengine, na maskini wakajenga vibanda vya maturubai juu ya magofu, mtaa mzima ukaitwa Canvas Town. Majira ya baridi ya 1779 kuingia 1780, bandari iliganda hata magari ya kuteleza yakavuka juu ya barafu hadi Staten Island, na kuni zikawa adimu kama dhahabu. Nyumba za waasi waliokimbia zilipigwa alama ya G.R., herufi za mfalme, zikagawiwa maafisa au kupangishwa. Sehemu ya kodi hiyo ililisha maskini na kuwasha taa za barabarani, na kwa hilo watawala wale wanastahili sifa. Ila shida ya vita ni udhuru wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa sita huwezi kuurudia mbele ya mtu aliyepoteza kila kitu kwa ajili yako.

Hasira hiyo ilimjaa Thomas Jones, jaji wa mahakama kuu ya jimbo na mtu wa mfalme hasa. Aliacha maandishi makali yanayomshutumu Robertson kwa ulafi. Sikubali kila shutuma yake, kwa kuwa aliandika akiwa na uchungu. Lakini uchungu wenyewe ni ushahidi: jaji aliyenyimwa mahakama na serikali aliyoitetea.

Na ng'ambo ya mto, upande wa Brooklyn, katika ghuba ya Wallabout, zilitia nanga meli za wafungwa wa vita, maarufu zaidi ikiwa Jersey. Wanaokadiria wanasema waliofia humo ni zaidi ya 11,000, kwa njaa, ndui na homa. Meli hizo hazikuwa chini ya gavana. Hilo ndilo linaloniumiza: watu walikufa karibu kabisa na makao yake, na cheo chake hakikufika huko.

Robertson aliondoka Aprili 1783, Elliot akashika nafasi yake. Mwezi uliofuata Guy Carleton, mkuu mpya wa majeshi, alikutana na George Washington, mkuu wa jeshi la waasi, aliyedai watu weusi waliotoroka utumwa warudishwe. Carleton akakataa. Uingereza ilikuwa imewaahidi uhuru watumwa wa waasi waliokimbilia upande wake, naye akasema ahadi haivunjwi. Kila Jumatano baraza la maafisa lilikaa katika Fraunces Tavern, kilabu cha pombe mjini, kusikiliza waliodai watu hao ni mali yao. Si wote walioshinda, wapo waliorudishwa kwa mabwana. Hata hivyo hakuna kitu kilichokaribia mahakama kuliko baraza lile, na waliosikilizwa hapo ni watu ambao sheria za jimbo ziliwahesabu kama mali.

Takriban watu weusi 3,000 waliandikwa katika kitabu cha wanaoondoka na kupanda meli. Mmoja wao, Harry, alizaliwa Afrika na kutoroka shamba la Washington mwenyewe. Vyeti vya uhuru vya wengi vilitiwa sahihi na kamanda wa mji, Samuel Birch, na walipofika Nova Scotia, katika Kanada ya leo, makazi yao yakaitwa Birchtown.