Kurudi nyumbani kwanza si ushauri kwa kila mtu

Eti aliyepitiliza viza Marekani akifunga ndoa na raia wa huko, arudi kwanza Uganda asubiri karatasi akiwa nyumbani? Kurudi namna hiyo ndiko kulikomponza dada yangu. Aliingia kwa viza halali, akagongwa muhuri uwanja wa ndege, na mumewe ni raia. Sheria yao ingemruhusu aombe grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) akiwa hukohuko, hata viza ikiwa imekwisha. Lakini wazee walitaka kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, naye bibi harusi hawezi kukosa, basi akapanda ndege. Kule kutoka ndiko kulikomfungia mlango: ukizidisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, marufuku ya kuingia tena Marekani ni miaka 3, ukifikisha mwaka, ni 10. Yeye alizidisha miaka miwili. Upo msamaha, ila mume athibitishe kwamba anateseka kupita kiasi, na kumkosa mke tu hakutoshi. Mwenye mume wa grini kadi tu, asiye raia, hesabu yake ni nyingine na ngumu zaidi. Kuna aliyewahi kupewa msamaha huo akiwa Kampala? Mlipeleka ushahidi gani?