Siku 28 hazitoshi kulihukumu zege la pwani

Ukitaja majivu ya makaa ya mawe kwenye zege, mafundi wengi watakwambia saruji imechakachuliwa. Hofu yao naielewa, maana nyumba zimeanguka kwa saruji iliyopunjwa. Ila majivu yaliyopimwa ni habari nyingine, na tunayahukumu mapema mno.

Zege kwa kawaida hupimwa nguvu likifikisha siku 28. Lenye majivu mengi mara nyingi huwa bado nyuma siku hiyo. Saruji ikikutana na maji huacha chokaa ndani ya zege. Silika, madini yaliyomo kwenye majivu, huikamata chokaa hiyo taratibu, kwa wiki na miezi, ikazaa gundi inayoziba vinyweleo. Kwa nguzo iliyo karibu na bahari, hapo ndipo uhai ulipo. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, kutu huvimba na zege hupasuka, likameguka vipande. Kipimo cha nguvu cha siku ya 28 hakisemi chumvi itakuwa imefika wapi mwaka wa 30.

Chini ya jengo refu la Burj Khalifa, Dubai, maji ya ardhini yana chumvi kuliko bahari yenyewe. Zege la nguzo za msingi wake liliwekwa majivu asilimia 25 na vumbi la silika asilimia 7, yote mabaki ya viwanda, ili kuizuia chumvi hiyo, pamoja na kinga nyingine za nondo.

Wanaopinga wana hoja. Majivu hutofautiana kutoka mtambo hadi mtambo, na yenye kaboni nyingi huharibu mchanganyiko. Zege hili hudai kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi na boksi, yaani kalibu linaloshikilia zege bichi, lichelewe kufunguliwa. Mkandarasi mwenye haraka atalipasua. Linalonisumbua zaidi ni upatikanaji: tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, na siku hiyohiyo tanuru la mwisho la kuyeyushia chuma la Port Talbot, huko Wales, ambalo mabaki yake nayo hutiwa kwenye saruji.

Kwetu, lakini, viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kila msimu, na makapi hayo yakichomwa kwa joto linalodhibitiwa, majivu yake yana silika ileile. Mikataba ya ujenzi wa pwani iandike kipimo cha siku 90 na cha upenyaji wa chumvi, na umwagiliaji ulipwe kama kazi inayojitegemea.