Kinanda cha Notre-Dame kutiwa kompyuta, walipatia au walikosea?

Ubishi wa vinanda vya mabomba, vile vikubwa vya kanisani vinavyolia kwa upepo, kwamba kikongwe kiachwe kilivyo au kiendane na wakati, Paris una mfano mzuri sana maana pale kuna viwili vilivyosukwa upya na fundi mmoja, Aristide Cavaillé-Coll. Cha kanisa la Saint-Sulpice alikimaliza 1862, cha kanisa kuu la Notre-Dame 1868. Baada ya hapo kila kimoja kikashika njia yake. Saint-Sulpice wamekiacha karibu vilevile, wakaongeza mota ya kupuliza upepo na sauti mbili (yaani safu za mabomba ya mlio mmoja) za pedali, kibodi ya miguu, basi, ila Notre-Dame wakang'oa mitambo ya ndani wakaweka umeme enzi za mpigaji wake Pierre Cochereau, 1992 ikaja kompyuta, 2014 wakabadilisha tena meza nzima ya kupigia.

Wanaolalamika kitu cha kwanza watakachokwambia ni kidole. Kwamba kinanda cha zamani kidole kinavuta vijiti vya mbao mpaka kwenye valvu ya bomba, kwa hiyo mpigaji anaisikia valvu inavyofunguka, anaweza kuifungua kwa upole au kwa nguvu, wakati kwenye umeme unawasha swichi tu. Hoja nzuri, na kwa vinanda vya karne ya 18 nakubali asilimia mia. Lakini kwa hiki cha Notre-Dame hapana jamani, kwa sababu Cavaillé-Coll mwenyewe alishaweka mashine ya Barker, yaani ukibonyeza kibodi unafungulia upepo uingie kwenye mvukuto mdogo wa ngozi na huo mvukuto ndo unavuta vijiti, kidole chako hakina habari na valvu. Sasa hapo umeme umeiba nini hasa?

Na hili la "kirudishwe kwenye asili" nalo mi huwa nauliza asili ipi, maana pale Saint-Sulpice Cavaillé-Coll alikuta kinanda cha 1781 cha fundi wa zamani Clicquot, akachukua mabomba yake mengi na lile kabati kubwa lililochorwa na msanifu Chalgrin, akaongeza ya kwake mpaka sauti 100. Kama wangemzuia kugusa urithi leo tusingekuwa na cha kulilia.

Upande wa pili, wanaopenda usasa, nao wana lao. Saint-Sulpice kwenye tamasha utaona wasaidizi wamesimama kushoto na kulia kwa mpigaji wanavuta vitufe vya sauti, huyu anavuta yule anasukuma, muziki unaendelea, mmoja akichelewa sekunde mbili imekula kwako. Notre-Dame kompyuta inakumbuka sauti zipi zivutwe pamoja, mpigaji anagusa kidude kimoja anaendelea, na kwa ibada za pale ambazo mpigaji anatunga papo hapo hiyo si anasa.

Kinachonikera kuhusu usasa ni umri wake. Mashine za Barker za 1868 zilifanya kazi karibu miaka 90. Kompyuta ya 1992? Miaka 22 tu wakaingiza mitambo mipya. Mbao na ngozi fundi yeyote mzuri anaziangalia anajua zimeharibika wapi, sakiti ambayo aliyeitengeneza keshaacha kuuza vipuri unaifanyaje? Na hiyo bili inarudi kila kizazi, ile picha ya uzinduzi haikuoneshi hilo.

Ila kilichonibadilisha mawazo kidogo ni moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Kinanda hakikuungua, kikajaa vumbi la madini ya risasi, wakalazimika kukifungua 2020, mabomba karibu 8,000 yakasafishwa, Desemba 2024 kikalia tena. Kilichofanya watu wakisikie wakasema ndo chenyewe ni mabomba na upepo, waya hazikuwa na mchango hapo. Kwa hiyo mi ugomvi wangu na enzi za Cochereau si umeme, ni kule kugusa sauti zenyewe, kubadilisha zile safu za mabomba madogo ya sauti za juu na kuongeza tarumbeta zilizolazwa kuelekea kanisani, hata kama zinasisimua (na zinasisimua kweli, sikatai).

Waya utazing'oa kesho uweke nyingine au urudishe vijiti. Bomba la karne ya 18 ukilikata mdomo ili lilie kivingine, hakuna kulirudisha. Kama ningekuwa mtu wa kusaini mkataba wa ukarabati, mitambo ningewaachia wabishane watakavyo, bomba asiguse mtu.