Mguu wa nyuma wa mrushaji chipukizi: tuurekebishe au tuuache?

Mtazame binti wa miaka kumi anayejifunza kurusha mpira wa softiboli, mchezo wa jamii ya besiboli, kwa kuzungusha mkono. Mkono umemaliza mzunguko, mguu wa mbele umeshatua, lakini ule wa nyuma bado unalima udongo. Wazazi walio pembeni ya uwanja huuona mara moja, na makocha wamegawanyika juu yake. Wapo wanaosema mguu huo ni breki, uondolewe haraka. Wengine wanajibu kwamba warushaji wengi wakubwa nao huburuta mguu, kwa hiyo mtoto aachwe.

Hawa wa pili wamebebwa na historia. Kwa miaka mingi kanuni za softiboli ya wasichana na wanawake Marekani hazikumruhusu mrushaji kuwa na miguu yote miwili hewani. Alama ya mguu kwenye udongo ilikuwa utetezi wake mbele ya mwamuzi, na makocha wakafundisha kuburuta kama hatua rasmi ya mrusho. Kanuni hiyo imelegezwa: vyuo vikuu vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kuanzia msimu wa 2024; shule za sekondari zilizo chini ya NFHS, shirikisho la michezo ya shule hizo, kuanzia 2025. Kilichobaki marufuku ni kuruka, kutua, kisha kusukuma upya kutoka mbele ya bamba, yaani kibao kilicholazwa ardhini anapoanzia mrushaji. Kwa hiyo anayemwambia mtoto aburute asije akaitiwa kosa anatumia hoja iliyokwisha muda wake. Lakini kanuni kulegea hakumaanishi tumfundishe kila mtoto kuruka. Asiye na nguvu za kutosha mapajani akiruka, mara nyingi hutua na kusukuma tena, na hilo bado ni kosa. Mguu unaopapasa ardhi kwa wepesi humsaidia kulinda mizani na kuzuia nyonga zisizunguke ovyo.

Tatizo ni mguu mzito. Mrusho hupata kasi pale mrushaji anaposukuma bamba, mwili ukasonga mbele, kisha mguu wa mbele ukatua na kuuzuia ghafla. Mwendo uliozuiwa hupanda kupitia nyonga na kiwiliwili hadi mkononi. Uzito ukibaki nyuma, mguu wa mbele hauna cha kuzuia. Ni nguzo isiyobeba paa. Mtoto hulazimika kufidia kwa bega, na mara nyingi mpira hupaa juu ya mdakaji. Hapa wanaosema breki wana haki kabisa.

Wanapokosea ni kwenye dawa. Kelele za "inua mguu!" humfanya mtoto aufikirie mguu wenyewe, akaukunja kwa nyuma au akasimama wima kabla hajaachia mpira, na sasa ana kasoro mbili. Kwa maoni yangu mguu huo ni matokeo tu. Chanzo kiko mapema zaidi. Huenda alisukuma kivivu. Huenda aligeuza unyayo kando mno kabla ya kuondoka kwenye bamba, au aliegemea nyuma, au amerefusha hatua kupita nguvu zake. Hili la mwisho hujitokeza sana umbali unapoongezwa. Huko Marekani walio chini ya miaka 10 hurusha kutoka futi 35, kisha 40, na baadaye 43, yaani karibu mita 13. Binti aliyekuwa sawa jana, akisogezwa nyuma, ghafla anaanza kulima tena.

Kabla ya kutoa hukumu, sawazisha udongo kwa reki. Shimo lililo mbele ya bamba limechimbwa na warushaji wote waliotangulia, na mtoto anaweza kulaumiwa kwa mfereji usio wake. Baada ya mirusho michache soma alama. Mstari mwembamba wa ncha ya kiatu, unaofuata mguu wa mbele, hauna shida, achana nao. Mfereji mpana uliochimbwa na ubavu wa ndani wa kiatu, au alama inayokatika katikati ya njia, unadai kazi. (Kikinga cha ncha ya kiatu kinaokoa kiatu, basi.)

Kazi yenyewe ni ya kusukuma. Arushe karibu na wavu, mita tatu au nne, asijali shabaha, na goti la nyuma lifuate la mbele hadi yakaribiane. Kisha arushe akitembea, na baada ya kuachia mpira aendelee hatua kadhaa mbele; mwenye uzito nyuma hawezi kufanya hivyo bila kujikwaa, naye mwenyewe atahisi tofauti. Mguu usitajwe. Maumivu ya kinena au goti ni jambo jingine: hapo mirusho inasimama mpaka mtaalamu wa afya amwone. Na kama msimu umeshaanza, ningefanya haya mazoezini pekee na kumwacha arushe alivyozoea siku ya mechi, hata akilima kidogo.